Akili ya Wengi na Haki ya Mji: Kitendawili kama Kipimo cha Mitambo ya Kukusanya Maarifa

Utangulizi

Methali za Kiswahili haziafikiani kuhusu wengi. Moja hutuambia kuwa penye wengi pana mengi. Nyingine hutuonya kuwa akili nyingi huondoa maarifa. Hii ya pili aghalabu hufasiriwa kuwa inamsuta mtu mmoja mwenye werevu wa kupindukia. Hata hivyo, maneno yake yamebeba tofauti ambayo makala hii itaitegemea. Akili ni uwezo alionao kila mtu. Maarifa ni kile kinachobaki baada ya akili hiyo kujaribiwa, kupingwa na hatimaye kukubaliwa. Kwa hivyo akili za watu zaweza kujumlishwa na maarifa yasipatikane.

Katika miongo ya karibuni pamezuka mitambo mingi ya kompyuta na simu ambayo kazi yake ni kukusanya akili za watu wengi na kuzifanya kitu kimoja: ramani, kamusi, taarifa za dharura, au programu inayojibu maswali. Wabunifu wake hulichukulia suala hili kuwa la kiufundi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kiini chake ni cha kimaadili, na kwamba fasihi simulizi imelishughulikia kwa muda mrefu kuliko kompyuta. Hoja yetu kuu ni hii: mfumo unaokusanya majibu ya watu bila kuwapa nafasi ya kujibizana, na bila kuwalipa kile ambacho mchezo wa kitendawili hukiita mji, haujakusanya akili yao; umekusanya malighafi. Mifano yetu mikuu inatoka Nairobi, hasa mitaa ya mashariki mwa jiji iitwayo Eastlands, kuanzia Pumwani na Kaloleni hadi Dandora na Umoja. Hii ni mitaa iliyozalisha maarifa mengi ya pamoja huku wakaazi wake wakitambuliwa kwa machache.

Maksai wa Plymouth

Wanaotetea akili ya wengi hupenda kurejelea tukio moja la Uingereza. Mnamo 1906, katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, watu walialikwa kukisia uzito wa maksai atakavyokuwa baada ya kuchinjwa na kuandaliwa. Mwanasayansi Francis Galton, ambaye hakuwa na imani kubwa na watu wa kawaida, aliomba tiketi zao akazichunguza. Tiketi zilizosomeka zilikuwa 787. Mwaka uliofuata alichapisha matokeo katika jarida la Nature: kadirio la katikati lilikuwa pauni 1,207, na uzito halisi ulikuwa pauni 1,198. Umati ulikuwa umekosea kwa chini ya asilimia moja.

Kabla ya hapo, mnamo 1785, Mfaransa Condorcet alikuwa amekwisha kuthibitisha kwa hisabati kwamba ikiwa kila mpigakura ana uwezekano unaozidi nusu wa kuwa sahihi, na kila mmoja anaamua peke yake, basi kadiri wanavyoongezeka ndivyo uamuzi wa walio wengi unavyoukaribia ukweli. Upande wa pili wa hesabu hiyo hautajwi mara nyingi: uwezekano huo ukiwa chini ya nusu, wingi hauponyi kosa bali hulikomaza.

Kutokana na mifano hii, wabunifu wamejifunza kanuni moja, kwamba kila mtu aulizwe peke yake, asisikie jibu la mwenzake. Lakini katika maonyesho ya Plymouth kulikuwa na mambo mengine mawili yaliyosahauliwa. Kila aliyekisia alilipa peni sita, kwa hivyo alikuwa na sababu ya kufikiri kabla ya kuandika; na waliokaribia zaidi walipewa zawadi. Umati ule ulikuwa na dau na ulikuwa na tuzo. Aliyejibu alijua anashiriki katika nini, kwa masharti gani, na atapata nini akishinda.

Aidha, swali la Plymouth lilikuwa swali la namba. Maksai ana uzito mmoja, na mizani ipo. Maswali mengi yanayoihusu jamii hayana mizani ya namna hiyo. Neno hili lina maana gani? Ni nani aliyeanza kurusha mawe? Ardhi hii ni ya nani? Kwa swali la namba, kimya kati ya wanaojibu ni fadhila. Kwa swali la maana, kimya hicho ni upungufu, kwa sababu maana hupatikana katika kupingana.

Kitendawili kama Mfumo

Tuangalie sasa mfumo mwingine wa kukusanya akili za wengi, ambao kila msomaji wa makala hii aliwahi kuwa ndani yake. Mtegaji husema: Kitendawili! Wenzake huitikia: Tega! Husema fumbo lake, nao huanza kukisia mmoja baada ya mwingine. Wakishindwa, yeye hudai mji. Hupewa mji mmoja akaukataa, akapewa mwingine, na akiridhika husimulia jinsi alivyofika katika mji huo na alivyopokewa; ndipo hutoa jibu. Kisha mwingine hutega.

Wahakiki wameshughulikia mno picha na sitiari za vitendawili, na wameupa muundo wa utendaji wake nafasi ndogo. Ukichunguzwa, utaonekana una kanuni tano. Kwanza, pana ridhaa: bila hadhira kusema tega, hakuna mchezo. Pili, makisio hutolewa hadharani, na kosa la mmoja humsaidia mwenzake kupunguza njia za kutafuta. Tatu, pana mtu anayewajibika kwa jibu, naye akitoa jibu lisilolingana na fumbo hukosolewa papo hapo. Nne, asiyejua humlipa anayejua, na malipo hayo si fedha bali ni heshima iliyopewa umbo la mji. Tano, nafasi hubadilishana. Hapana mtu aliyeumbwa kuwa mtegaji wa milele.

Hatudai kwamba kitendawili ni demokrasia kamili. Katika vikao vingi vya jadi sauti ya mzee ilizima ya kijana, na mabaraza mengi hayakuwa na nafasi ya mwanamke. Tunachokichukua hapa ni kipimo, si picha ya jamii isiyo na dosari.

Mashahidi wa 2008

Kipimo hicho tukitumie kwanza kwa mfumo wa Kenya uliopata sifa duniani kote. Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, ghasia zilienea, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya habari ya moja kwa moja. Tume ya Jaji Philip Waki ilikuja kuorodhesha vifo 1,133. Huko Nairobi, Mathare ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mwanzoni mwa Januari 2008 mwanasheria Ory Okolloh alipendekeza hadharani iundwe ramani ambayo mwananchi yeyote angeweza kuipelekea taarifa ya alichokiona. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliijenga katika muda wa siku chache. Waliiita Ushahidi.

Jina hilo lastahili kusomwa kama mhakiki asomavyo anwani ya kitabu. Shahidi, katika mahakama na katika sheria ya Kiislamu, ni mtu anayejulikana. Hutaja jina, huapa, na huhojiwa. Katika Kiswahili neno lilo hilo humtaja pia aliyekufa kwa ajili ya imani yake, kana kwamba lugha inatukumbusha kuwa kushuhudia kwaweza kumgharimu mtu uhai. Katika ramani ya 2008 shahidi alikuwa nukta. Je, huo ulikuwa upungufu?

Jibu si jepesi. Nchini Kenya, mara nyingi jina la mtu hutaja kabila lake kabla yeye hajafungua kinywa. Katika mwezi ule wa Januari, kumtaja shahidi wa Mathare kungekuwa kumtaja kwa majirani waliojihami kwa mapanga. Zaidi ya hayo, msomaji aliyejua jina la shahidi angeupima ushahidi wake kwa kabila kabla ya kuupima kwa ukweli. Nukta isiyo na jina ilimlinda msemaji na kuliokoa neno lake. Kwa mintarafu hii, haki ya mji haiwezi kuwa sawa na haki ya kutajwa jina. Ni haki ya kuamua kama utatajwa au la, na uamuzi huo ni wa mtoa neno, si wa mwenye mtambo.

Hata hivyo, nukta haihojiwi. Jirani aliyeona tukio lilo hilo kwa jicho jingine hawezi kuiambia nukta: hapana, haikuwa hivyo. Waanzilishi wa Ushahidi waliutambua ugumu huu, wakawa wanalinganisha taarifa zilizoletwa na zile za vyombo vya habari na mashirika ya kiraia. Lakini hukumu ilibaki kwa wachache waliokaa mbele ya kompyuta, wengine wao wakiwa nje ya nchi, nao mashahidi wenyewe hawakukutana.

Je, wangekutana ingekuwaje? Historia ilitoa jibu katika mwezi uo huo. David Kobia, mmoja wa wajenzi wa Ushahidi, alikuwa pia mwenye Mashada, uwanja wa mijadala wa Wakenya mtandaoni. Januari 2008 aliufunga, kwa sababu mijadala ilikuwa imegeuka matusi na vitisho vya kikabila. Basi mtu mmoja, katika majuma machache, alifunga mfumo ambamo watu wote walizungumza wao kwa wao, na akasaidia kufungua mwingine ambamo hakuna aliyezungumza na mwenzake. Tukio hili lina funzo kubwa kuliko sifa zote zilizofuata. Kelele isiyo na mtegaji huangamiza, na kimya kilichojaa nukta hakitoshi. Kati ya hayo mawili ndipo kinaposimama kitendawili: majibizano yenye utaratibu, na mtu wa kuwajibika.

Waswahili wa pwani waliufahamu utaratibu huo katika ushairi pia. Katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji yao ilipokuwa ikihasimiana. Maneno yalikuwa makali, lakini aliyetaka kumjibu hasimu wake alilazimika kulisoma shairi lake vema na kufuata arudhi. Umbo liliulazimisha uadui kusikiliza kabla ya kusema. Mitambo mingi ya leo haimdai msemaji kitu cha namna hiyo.

Sheng na Watunzi Wasio na Jina

Tukiondoka katika dharura tukaingia katika maisha ya kila siku, mfano mkubwa wa akili ya wengi katika Eastlands ni Sheng. Watafiti wengi, wakiwemo Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde katika makala yao ya 1997, wameihusisha na mitaa hii. Wazazi waliletwa pamoja na kazi za reli, manispaa na viwanda, kila mmoja akiwa na lugha yake ya kwao. Nyumba zilikuwa ndogo. Watoto wakawa wanashinda nje, wakichanganya Kiswahili cha mtaani, Kiingereza cha shuleni na lugha za nyumbani. Kutokana na hali hiyo ulizaliwa msamiati ambao hakuna kamati iliyouidhinisha. Noti ya shilingi mia ikawa soo, ya elfu moja ikawa thao au ngiri, ya hamsini ikawa finje. Neno huzaliwa kwenye baze, pale kona ya mtaa vijana wakutanapo. Hujaribiwa kwa kicheko au kwa kimya. Makanga hulibeba hadi mitaa mingine. Na likichakaa huachwa, lingine likashika nafasi yake.

Linganisha hali hiyo na historia ya Kiswahili sanifu. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mnamo 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya makoloni ya Afrika Mashariki. Wajumbe wake wana majina katika kumbukumbu. Wazungumzaji waliokuwa chemchemi ya maneno, kwa kiasi kikubwa, hawana. Hapa ndipo nadharia ya fasihi inapopaswa kutahadhari. Mnamo 1967 Roland Barthes alitangaza kifo cha mwandishi, nasi tumelifundisha tangazo hilo madarasani kwa bidii. Lakini aliyelitoa aliweka jina lake chini yake. Vijana wa Kaloleni na Jericho hawakupata kufa kama waandishi kwa sababu hawakupata kuhesabiwa kuwa hai. Dai la zamani kwamba fasihi simulizi haina mtunzi kwa kuwa mtunzi wake ni jamii nzima, dai ambalo Ruth Finnegan alilipinga mwaka 1970, lilikuwa na urahisi huo huo: kisicho na mwenyewe kinaweza kuchukuliwa na yeyote.

Diwani ya Muyaka yenyewe ni kielelezo. Mashairi mengi yalihifadhiwa kwa kumbukumbu na kalamu ya Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemwandikia mmisionari William Taylor. Kitabu kilipotoka mwaka 1940, mhariri wake alikuwa William Hichens. Leo mwanafunzi wa kawaida hutaja Muyaka, pengine Hichens. Sikujua hujulikana na wataalamu. Basi tatizo la mkusanyaji kumeza jina la mkusanyiwa lilikuwepo kabla ya mtambo wowote. Mitambo imelipa kasi na ukubwa.

Ramani, Mashine na Malipo

Mfano wa tatu unaonyesha jinsi mambo yanavyoweza kwenda vizuri zaidi. Kwa miongo mingi ramani ya njia za matatu za Nairobi iliishi vichwani mwa madereva, makanga na abiria. Aliyetaka kujua gari la namba 58 hupita wapi kwenda Buruburu aliuliza. Kisha wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu zenye kuonyesha mahali, wakanakili njia na vituo. Mradi huo, Digital Matatus, ulitoa ramani yake ya zaidi ya njia 130 mwaka 2014. Takwimu zake ziliachwa wazi zitumiwe na yeyote, na ramani iliyotokana nazo ilionyeshwa kwa watu wa sekta ya matatu wenyewe. Tukitumia kipimo chetu, kanuni mbili zilitimizwa: jibu lilirudi katika mji ulikotoka, na walioulizwa waliweza kuliona na kulisahihisha. Majina ya makanga hayamo katika ramani, lakini abiria wa Umoja anaweza kuitumia.

Mfano wa nne uko upande wa pili. Januari 2023 jarida la Time la Marekani liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi, walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa niaba ya OpenAI, walikuwa wamelipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa ili wasome na kuainisha maandishi ya ukatili, mengine yakihusu kudhalilishwa kwa watoto, kusudi programu ijifunze kuyaepuka. Hawa nao ni wengi ambao akili yao imekusanywa. Waliombwa kufanya jambo ambalo mashine haikuliweza: kutambua uovu kwa kuusoma. Hukumu yao ya kimaadili ikawa sehemu ya chombo kinachojibu mamilioni ya watu. Malipo ya fedha yalikuwepo, ingawa haba. Lakini hawakuwa na fursa ya kujibizana juu ya uainishaji waliopewa, na nafasi haikubadilishana hata kidogo. Anayetega alikuwa California, na hajawahi kutegewa.

Msomaji anaweza kutupinga hapa kwa hoja nzito. Atasema kwamba mji hulipwa kwa urahisi penye watu kumi walioketi ukumbini. Penye watu milioni kumi, ambapo kila mmoja amechangia chembe, hakuna mji wa kugawa. Hoja hii ina ukweli, lakini inachukulia kuwa mji ni kitu cha kukatwa vipande. Katika mchezo wenyewe sivyo. Mji ni uhusiano: ni kukiri kwamba nilichopokea kilikuwa chako. Wanawake wa Eastlands wamelitatua fumbo hili katika vyama vyao vya kuchangishana. Mchango wa kila mmoja ni mdogo, lakini umeandikwa daftarini, zamu inajulikana, na mwenye shaka anaweza kulidai daftari lifunguliwe mkutanoni. Wingi wa wanachama ukizidi, hawafuti daftari, hugawana vikundi. Kwa kiwango kikubwa mambo hayo yanawezekana pia: kumbukumbu ya kilikotoka kila kitu, haki ya kukosoa na kuondoa, jibu kurudishwa kwa lugha ya waliolitoa, na sauti ya watoaji katika kuamua jibu litumiwe vipi. Kinachokosekana aghalabu ni nia, kwa kuwa mali isiyo na daftari ni rahisi kumiliki.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba suala la kukusanya akili za wengi haliishii katika usahihi wa jibu. Maksai wa Plymouth alikadiriwa vizuri, na waliomkadiria walitendewa haki. Hayo ni mambo mawili, na la pili halizaliwi na la kwanza. Mfumo waweza kupata jibu sahihi kwa kuwadhulumu waliojibu. Jibu hilo litakuwa kweli, lakini jamii iliyolitoa itakuwa imepungukiwa, maana haitajua kuwa inajua. Ushahidi wa 2008 ulitufundisha kwamba jina si lazima, na kwamba ukimya wa nukta una thamani penye hatari. Mashada ilitufundisha kwamba mazungumzo matupu si maarifa. Sheng inatufundisha kwamba wengi hutunga kweli, tena kwa ustadi, hata pale ambapo hapana anayewahesabu kuwa watunzi.

Mhakiki wa fasihi ana wajibu katika jambo hili. Yeye amezoea kuuliza nani anasema, kwa niaba ya nani, mbele ya hadhira ipi, na nani amenyamazishwa. Maswali hayo yaelekezwe sasa kwa mitambo inayojengwa kwa maneno yetu, kabla maneno hayo hayajarudi kwetu kama bidhaa. Watafiti vijana wa idara zetu, wengi wao wakiwa wamezaliwa na kukulia katika mitaa tuliyoitaja, wanaweza kuanza na kazi iliyo karibu: kurekodi jinsi neno la Sheng linavyozaliwa, linavyopingwa na linavyokubaliwa katika baze moja, kwa ridhaa ya wenye baze, na kuurudisha utafiti huo kwao wausome na kuukosoa kwanza kabla haujafikishwa kwa mtahini.